Pointi za ndege na familia iliyogawanyika kati ya Dzaleka na ughaibuni

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kamuzu kipo Lumbadzi, kaskazini mwa jiji la Lilongwe. Anayetoka mjini kwenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hupita upande huohuo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndiyo lugha ya soko lake, ya makanisa yake na ya simu zinazopigwa usiku kutoka ng'ambo.

Katika simu hizo siku hizi linajitokeza swali ambalo miaka kumi iliyopita lingeonekana la kitajiri. Ndugu aliyehamishiwa Texas, Kentucky au Toronto amepata kazi ghalani au kwenye kiwanda cha nyama, na benki inamletea tangazo: chukua kadi hii ya mkopo, tumia dola 3,000 katika miezi mitatu ya kwanza, nasi tutakupa pointi 50,000 au 60,000 za shirika la ndege. Anauliza kama pointi hizo zitamfikisha Lilongwe na watoto, wamwone bibi yao. Wengine wanauliza kinyume chake: je, zinaweza kumtoa mke au mtoto aliyebaki kambini?

Ni maswali mawili yanayofanana kwa nje, na majibu yake hayako sawa. Nianze na lile la kwanza, maana ndilo lenye hesabu.

Jambo la kuangalia kabla ya ukubwa wa zawadi ni ndege gani zinatua Lilongwe. Kwa anayetoka Amerika ya Kaskazini, njia za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa. Shirika hilo limo katika muungano wa Star Alliance tangu mwaka 2011. Ya pili ni Kenya Airways kupitia Nairobi, ambayo ni mwanachama wa SkyTeam tangu 2010. Kwa hiyo pointi za United za Marekani au Aeroplan ya Air Canada zinaweza kulipia kiti cha Ethiopian, na pointi za Delta au za Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, zinaweza kulipia kiti cha Kenya Airways. Mwenye kadi ya American Airlines, iliyomo katika muungano wa oneworld, atajikuta na pointi nyingi ambazo kuzifikisha Lilongwe ni kazi kubwa, kwani hakuna shirika la muungano huo linalotua hapo kwa ndege zake. Tangazo la benki halitamwambia hivyo. Litamwonyesha picha ya ufukwe.

Jambo la pili linahusu neno "familia". Pointi 60,000 zinasikika nyingi, lakini safari ya kuvuka Atlantiki na kushuka hadi kusini mwa Afrika ni miongoni mwa zile zinazokula pointi nyingi zaidi, na mara nyingi zawadi ya kujiunga haimalizi tiketi ya kwenda na kurudi ya mtu mzima mmoja. Chukua baba, mama na watoto watatu. Shirika mshirika, mathalani Ethiopian anapouza viti vyake kupitia United, hutoa viti vichache tu vya pointi katika kila ndege. Kupata viwili siku moja kunawezekana kwa anayetafuta mapema. Kupata vitano kwa pamoja, tena Desemba wakati kila Mwafrika wa ughaibuni anataka kurudi nyumbani, ni bahati. Familia nyingi huishia kulipia viti viwili kwa pointi na vitatu kwa fedha taslimu. Si vibaya, ila ni hesabu tofauti na ile ya tangazo, na inafaa ijulikane kabla watoto hawajaahidiwa.

Hapa mpango wa kuchangia pointi una faida kuliko ukubwa wa zawadi. Aeroplan inaruhusu watu wa familia moja hadi wanane kuweka pointi zao katika kapu moja. United ilianzisha utaratibu kama huo mwaka 2024, kwa watu watano. Ndugu watatu waliotawanyika Kanada, kila mmoja na pointi ambazo peke yake hazimfikishi popote, wakiziunganisha wanaweza kumtuma mmoja wao kwenye msiba au harusi Dzaleka. Kwa watu waliozoea michango, hilo halihitaji maelezo marefu.

Kuna na habari ya mabegi. Kadi nyingi za mashirika ya Marekani hujisifu kwa begi la kwanza la bure. Faida hiyo hutumika katika ndege za shirika lenyewe. Ukipanda Ethiopian kwa pointi za United, kadi haikusaidii kitu. Kwa bahati nzuri Ethiopian hutoa mabegi mawili ya kilo 23 kwa abiria wa daraja la kawaida katika safari za Amerika, na anayekwenda Dzaleka na nguo, simu na viatu vya ukoo mzima anajua thamani yake. Kwa hiyo usilipe ada ya mwaka, ambayo kwa kadi hizi mara nyingi ni dola 95 hadi 150, kwa ajili ya begi ambalo hutalitumia.

Sasa riba, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote. Wastani wa riba ya kadi za mkopo Marekani umepita asilimia 20 kwa mwaka. Mtu akitumia zile dola 3,000 ili apate zawadi, kisha akashindwa kuzilipa, kwa riba ya asilimia 22 atadaiwa takriban dola 660 kwa mwaka juu ya deni lenyewe. Pointi zote alizopewa zitakuwa zimeliwa kabla hajapanda ndege. Kadi ya pointi inamfaa anayelipa deni lote kila mwezi, na inamfaa kwa matumizi ambayo angeyafanya hata bila kadi: chakula, mafuta, bima ya gari. Asiyeweza hivyo ni heri awe na kadi ya kawaida isiyo na ada, na tiketi aidundulize kidogokidogo.

Ninasisitiza hili kwa sababu mtu wa Dzaleka anapofika Marekani, deni lake la kwanza katika nchi hiyo kwa kawaida ni tiketi ya ndege. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, hulipia safari, naye mkimbizi hutia saini ahadi ya kurejesha fedha hizo. Malipo huanza takriban miezi sita baada ya kufika. Kwa familia ya watu watano au sita, deni linaweza kufika maelfu ya dola. Wapo wanaoliona kama mzigo wa aibu na kutaka kulimaliza haraka kwa kadi ya mkopo ili wapate na pointi juu yake. Huo ni mtego. Mkopo wa IOM hauna riba; kuuhamishia kwenye kadi ni kubadilisha deni la asilimia sifuri kwa deni la asilimia 22. Tena, kuulipa kwa wakati kila mwezi humjengea mgeni historia ya mkopo, ambayo ndiyo benki itaitazama atakapoomba kadi nzuri zaidi. Kanada nayo iliondoa riba katika mikopo ya aina hiyo mwaka 2018.

Swali la pili, la kumtoa mtu kambini, ni gumu kwa sababu nyingine kabisa. Pointi hununua kiti, na kwa aliyeko Dzaleka kiti ni kikwazo cha mwisho katika safu ndefu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka pingamizi katika vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha uhuru wa kutembea na kile cha kazi ya kuajiriwa. Machi 2023 Serikali iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe. Maduka yalifungwa, mitaji ikapotea. Waliokuwa wakituma fedha Dzaleka kutoka maduka ya Lilongwe wakawa wao ndio wanaosubiri kutumiwa kutoka Ohio.

Kwa upande wa pili wa bahari, mlango umebana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 kikomo kikawekwa watu 7,500 tu, nafasi nyingi zikielekezwa kwa Waafrikana wa Afrika Kusini. Familia zilizokwisha kufanyiwa usaili na vipimo zilibaki na makaratasi yanayochakaa. Katika hali hiyo, kumwambia mtu akusanye pointi ili amlete mkewe bila kwanza kuuliza kesi yake imefikia wapi ni kumpa matumaini ya uongo.

Lakini pale ruhusa inapopatikana, pointi zina kazi ya kweli. Si kila anayeruhusiwa kuungana na familia hulipiwa safari. Nchini Marekani, kwa mfano, familia ya aliyepewa hifadhi baada ya kufika mwenyewe haina haki ya mkopo ule wa IOM ambao familia ya mkimbizi aliyehamishwa rasmi inaweza kuupata. Tiketi ni juu yao. Ndilo pengo ambalo shirika la hisani la Marekani liitwalo Miles4Migrants, lililoanzishwa mwaka 2016, limekuwa likijaza. Linaomba Wamarekani wenye pointi wasizozitumia wazitoe sadaka, kisha linawakatia tiketi watu waliokwisha kupata kibali halali cha kusafiri, likipitia mashirika yanayoshughulikia wakimbizi. Pointi za mfanyabiashara ambaye hajui hata Dowa iko wapi zinamfikisha mtoto kwa baba yake. Mtu wa Dzaleka aliyetulia ughaibuni anaweza kufanya vivyo hivyo kwa ndugu zake: mwenye pointi si lazima awe msafiri.

Akifanya hivyo, azingatie majina. Wakongo wengi wana majina matatu, na cheti cha kuzaliwa, karatasi ya UNHCR na hati ya kusafiria huweza kuyaandika kwa mpangilio au tahajia tofauti. Tiketi ifuate hati ya kusafiria, herufi kwa herufi. Asome pia masharti ya kufuta tiketi, kwani viza huchelewa. Baadhi ya programu za Marekani husamehe ada kwa safari zinazoanzia Amerika ya Kaskazini peke yake, na yule anaanzia Lilongwe. Kodi na ada za viwanja nazo hubaki kulipwa kwa fedha hata kiti kikiwa cha pointi. Na ikiwa tiketi itanunuliwa kwa fedha, ni bora mwenye kadi ya ng'ambo ainunue mwenyewe kuliko kutuma fedha Malawi zikageuzwa kwacha kwanza. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo, na tangu hapo bei rasmi ya dola na ile ya mtaani zimekuwa mbali sana.

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam atauliza: mbona zawadi hizi zote ni za Marekani na Kanada? Pointi hutokana na ada ambayo benki humkata mwenye duka kila kadi inapotumika. Marekani ada hiyo ni kubwa, na sehemu yake humrudia mwenye kadi. Umoja wa Ulaya uliipunguza mwaka 2015 hadi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, ndiyo maana ndugu aliyeko Ubelgiji haoni matangazo ya pointi 60,000. Kwetu watu hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money na, huko Malawi, Mpamba ya TNM, na hakuna anayehesabiwa maili kwa kununua unga. Kenya Airways ilijitoa Flying Blue ikaanzisha mpango wake, Asante Rewards, lakini kwa msafiri wa kawaida wa ukanda huu pointi huja kwa kupanda ndege, na kupanda ndege ndiko kunakomshinda. Wenye duka wa Marekani wanachangia nauli ya kwenda Lilongwe kuliko mfumo wowote wa hapa kwetu.

Soko moja la anga la Afrika lilizinduliwa Januari 2018 kwa ahadi ya kushusha nauli kama hizo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikiungana na Burundi na Rwanda, kwa hiyo karibu wakazi wote wa Dzaleka leo ni wenyeji wa nchi za Jumuiya, wakiishi katika nchi jirani isiyo mwanachama. Anayetaka kuwatembelea kutoka Dar es Salaam hupanda basi hadi mpaka wa Kasumulu na kuendelea kusini. Kwa nauli zilivyo sasa, kwake yeye basi ndilo jibu, na kadi ya mkopo haina la kuongeza.