Maharage Mabichi Si Chakula

Wandugu, kuna hesabu moja inayotembea kwenye semina zetu hapa Kampala, na mimi imenichosha: mtu mmoja, siku moja, kilokalori 2,100. Inaandikwa ubaoni, tunapigwa picha, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. Hakuna anayeuliza: hizo kilokalori zitaiva kwa moto gani?

Hesabu hiyo imesahau binadamu ni mnyama wa namna gani. Wenzetu wa Rwamwanja hawako mbali na msitu wa Kibale. Humo, upande wa Kanyawara, mtaalamu Richard Wrangham alianza kufuatilia sokwe mwaka 1987. Hata vyakula vyao alivionja. Sokwe anatafuna karibu saa 6 kwa siku. Sisi kama saa 1 tu, na meno yetu haya madogo. Mwaka 2009 Wrangham akatoa kitabu akidai kwamba kilichotufanya kuwa watu ni kupika. Moto unalainisha chakula kabla hakijafika mdomoni, tumbo linapumzika, na ubongo, ambao peke yake unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili, unapata cha kuulisha.

Wapo wanaombishia, na wana haki. Yeye anarudisha upishi nyuma karibu miaka milioni 1.8, na majivu hayajamfikia huko. Kule Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo nchini Kenya, kuna mabonge ya udongo ulioungua ya miaka kama milioni 1.4, lakini moto wa nyika nao unachoma udongo. Ushahidi mzito uko pango la Wonderwerk, Afrika Kusini: majivu na mifupa iliyoungua, mita kama 30 ndani ya pango. Moto wa radi utafikaje huko? Haya, tuchukue huo umri mdogo, miaka milioni 1. Bado unazidi kambi zote na mipaka yote.

Sasa mtu wa miaka milioni yote hiyo unampa maharage makavu, unamwambia umemlisha. Maharage mekundu mabichi yana sumu. Yasipochemka sawasawa, ni kutapika na kuhara. Kuyachemsha ni saa nyingi, na saa ni kuni. Kambini mama anauza sehemu ya mgao ili apike iliyobaki, au anatuma binti porini, na sote tunajua yanayowapata mabinti porini. Sisi wa Katwe hata mgao hatuna. Tunanunua makala kwenye kaveera, ya kupika mara moja, na mvua ikinyesha sigiri inaingia chumba kilekile tunacholala, na hewa yake inaua kimyakimya.

Najua jibu: "Tuliwapa majiko banifu." Asante, kweli. Jiko banifu linapunguza kuni, haliwaki kwa upepo. Jibu la pili: "Miti inaisha." Inaisha, ndiyo. Basi iwekeni nishati kwenye bajeti, badala ya kumwachia mama mmoja na panga lake halafu mumwite mharibifu wa mazingira.

Semina ijayo, kabla hamjaandika 2,100, andikeni pembeni bei ya gunia la makala wiki hiyo, na jina la ofisi itakayolipa. Nitakaa kiti cha mbele, na soda sitaki.