Khaman Maluach Asimame Wapi Uwanjani?

Yako mabishano ambayo yamewashika wapenzi wa mpira wa kikapu katika Afrika ya Mashariki, nasi twaona si vyema kuyapita kimya. Mabishano hayo yamhusu kijana Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyelelewa ukimbizini Kawempe, Kampala, ambaye tarehe 25 Juni, 2025, alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani. Wako wasemao kwamba nafasi yake ni moja tu, ile ya senta, mlinzi wa kikapu. Wako wasemao kwamba kumfungia chini ya kikapu ni kumdhulumu, maana ana mkono laini na aweza kufundishwa kutupa kutoka mbali kama fowadi. Na wako wa tatu, ambao kila atajwapo mtu mrefu kutoka pande zetu hulitaja jina la Hasheem Thabeet, kisha hucheka.

Sisi tu pamoja na wale wa kwanza. Na wale wa tatu tuna neno nao.

Tuanze na mwili wenyewe, maana ndio chombo chake cha kazi. Alipopimwa mwezi wa Mei, 2025, kabla ya uteuzi, alikuwa na urefu wa futi 7 na robo tatu ya inchi, bila viatu. Mikono yake ikinyooshwa huku na huku ilifika futi 7, inchi 6 na robo tatu. Akisimama wima na kuinua mkono mmoja pasipo kuruka, alikaribia futi 10. Duara la kikapu liko futi 10 juu ya sakafu. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa amebakiza inchi chache tu kukishika kile chuma kabla hajakunja goti. Kumtoa mtu wa namna hiyo penye kikapu, akasimame pembeni kusubiri mpira, ni sawa na kuung'oa mlingoti wa jahazi ukaufanya upondo. Utasukuma, lakini tanga utalifunga wapi?

Hesabu za mwaka wake mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke zatuunga mkono. Katika michezo 39 ya msimu wa 2024–25 alipata wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa mchezo, akiwa uwanjani dakika 21 hivi, na katika kila mitupo 100 aliyotupa, 71 iliingia. Si mchezo huo. Lakini ieleweke kwamba karibu mitupo hiyo yote ilikuwa ya hapo hapo kikapuni. Kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu alitupa mara 16 kwa msimu mzima, na iliyoingia ni 4. Ndugu zetu wanaomtaka awe fowadi hushika mitupo huru, ambayo alipata zaidi ya 76 katika kila 100, wakisema kwamba mkono unaolenga pale utalenga na mbali. Hatukatai kuwa ni dalili njema. Asubuhi mazoezini na atupe kadiri apendavyo. Tunachokataa ni kuifanya dalili kuwa cheo. Watu wa makamo watamkumbuka marehemu Manute Bol, naye mwana wa Sudan Kusini, mrefu kuliko Maluach. Msimu wa 1988–89, akiwa na timu ya Golden State, alitupa mitupo ya mbali 91 akapata 20. Watazamaji walisimama na kushangilia kila alipoinua mkono, lakini mshahara wake hakulipwa kwa hiyo 20. Alilipwa kwa mitupo ya adui aliyoirudisha ilikotoka.

Sasa tuje kwa ndugu Thabeet, na hapa twaomba subira. Ni kweli kwamba kijana huyo wa Dar es Salaam, aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15, alichaguliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. Ni kweli kwamba mwezi wa Februari, 2010, timu yake ya Memphis ilimshusha ligi ya chini, na Februari, 2011, ikamtoa kwa Houston. Na kwamba msimu wake wa mwisho katika ligi kuu ulikuwa wa 2013–14. Hayo hayafichiki. Lakini wanaocheka hawajauliza sababu, nayo ipo.

Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet aliruhusiwa kusimama mbele ya kikapu kama bawabu mlangoni, na msimu wa 2008–09 alizuia mitupo zaidi ya 4 kwa kila mchezo. Katika ligi kuu, tangu msimu wa 2001–02, iko sheria isemayo kwamba mlinzi asiye na mtu wa kumkaba karibu yake hawezi kukaa katika eneo lililopakwa rangi kwa zaidi ya sekunde 3. Vyuoni sheria hiyo haipo. Basi bawabu yule yule alipofika kwa wakubwa aliambiwa aingie, atoke, aingie tena, huku adui wakimwita mbali na mlango: mmoja amwekea kizuizi mlinzi mwenziwe, mwingine amkimbilia na mpira, na mrefu apaswa kuamua kwa kufumba na kufumbua ama amfuate mwenye mpira, ama arudi nyuma. Kazi hiyo ni ya miguu, wala urefu peke yake hauitoshi. Na miguu ya mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 yataka muda. Thabeet hakuupata. Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo, na mwaka wa kwanza kijana wetu alipewa dakika 13 hivi kwa mchezo. Hatusemi kwamba yeye hakuwa na kasoro. Tunasema kwamba kazi aliyoajiriwa kuifanya na kazi aliyokuwa ameizoea zilikuwa mbili, na hakuna aliyemvusha.

Hapo ndipo penye kutupa matumaini kwa Maluach, na penye kututia wasiwasi pia. Matumaini ni kwamba miguu yake ni myepesi. Aweza kumfuata mchezaji mfupi hadi nje ya mstari asiachwe papo hapo, jambo ambalo warefu wengi hawaliwezi. Isitoshe, hakutoka chuoni moja kwa moja. Alikuwa amekwisha cheza na watu wazima katika Ligi ya Kikapu ya Afrika misimu 3, kuanzia 2022 hadi 2024, akiwa na timu za Sudan Kusini, Senegal na Uganda. Akachezea taifa lake Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16, na Olimpiki ya Paris ya 2024 akiwa na miaka 17. Yote haya kwa mtu aliyeuanza mchezo mwaka 2019!

Wasiwasi ni kwamba Phoenix, timu iliyompata, katika siku hizo hizo za uteuzi ilimchukua Mark Williams, senta aliyekwisha kuizoea ligi. Msomaji ataona kisa cha Gasol chajirudia. Tena iko kasoro yake mwenyewe. Tarehe 5 Aprili, 2025, mjini San Antonio, Duke ilipopoteza nusu fainali kwa Chuo Kikuu cha Houston, 70 kwa 67, Maluach hakuokota ribaundi hata moja. Hata moja! Mtu wa kimo kile! Watu wafupi kuliko yeye walimtia mgongo, wakamsogeza, wakauchukua mpira mbele ya macho yake. Kosa hilo halitaponywa kwa kumpeleka nje akatupe mipira. Huko atazidi kuwa mbali na ribaundi. Litaponywa pale pale chini ya kikapu, kwa kiuno, kwa magoti, na kwa kupigwa vikumbo kila siku na waliomtangulia.

Je, atapewa siku hizo? Wafanyakazi wenzetu na watazame mkataba. Katika uteuzi huu timu ndiyo ichaguayo mchezaji, si mchezaji achaguaye timu. Maluach alivaa kofia ya Houston usiku ule, na papo hapo akawa mali ya Phoenix, akiwa sehemu ya malipo ya kumnunua Kevin Durant. Mkataba wa anayeteuliwa raundi ya kwanza una miaka 4, lakini yenye dhamana ni 2 ya mwanzo. Wa 3 na wa 4 uko mikononi mwa mwajiri, na huo wa 3 huamuliwa mwisho wa Oktoba, msimu wa pili ukiwa ndio kwanza waanza. Maana yake, kijana wa miaka 18 hupimwa kwa msimu mmoja. Hata dhamana hiyo isingalikuwapo kama wachezaji hawangalikuwa na chama chao cha wafanyakazi, kilichoundwa mwaka 1954.

Na kuna jambo ambalo hakuna mbishani aliyelitaja mbele yetu. Siku ile ile ya San Antonio, Serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini, kwa ugomvi juu ya mtu mmoja aliyerudishwa Juba, ambaye Juba ilisema ni Mkongo. Hatuufanyi mkasa huo kuwa udhuru wa ribaundi zilizokosekana. Lakini fikirini: kijana anaingia uwanjani mbele ya maelfu, nao wakubwa wa mchezo wanabishana kama ni senta ama fowadi, hali afisini kwingine imeandikwa kwamba karatasi iliyomruhusu kuwapo nchini humo ni batili. Siku 3 baadaye Juba ilikubali kumpokea yule mtu. Miezi 2 na nusu baada ya hapo Maluach akaitwa jukwaani, wa 10, akapewa kofia ya timu ambayo hakuwa akienda kuichezea.