ADA YA MAJI MACHAFU: NI BEI YA NINI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kila mwaka ukurasa huu wa maoni huzungumzia mihadarati, migomo, mapenzi shuleni na mengineyo. Hayo yote ni mema, lakini leo naomba niwapeleke kando kidogo, hadi mtoni. Nataka tuzungumze juu ya ada ambazo Serikali hutoza viwanda ili iwape leseni ya kumwaga maji machafu. Najua kuna atakayefungua ukurasa wa vichekesho mara moja akidhani haya ni mambo ya mawakili na maafisa wenye tai. La hasha! Ukinywa maji, yanakuhusu.

Kwanza niseme wazi mimi ni nani katika jambo hili. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Karo yangu hutoka katika magunia ambayo mama hupeleka kwenye kiwanda cha chama cha ushirika kule kwetu. Kwa hivyo mtu asinione adui wa viwanda. Kiwanda kile kikifungwa leo, kesho nitakuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hata hivyo, maji yanayotumika kumenya na kuosha kahawa yetu hutiririka hadi mtoni, na msimu mkuu unapofika, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mto hugeuka rangi na kunuka kama pombe iliyochacha. Ng'ombe wenyewe hunusa, kisha hugeuka na kwenda zao. Nyanya yangu, ambaye huteka maji upande wa chini, hulazimika kupanda mlima hadi chemchemi ya ng'ambo akiwa na mtungi mgongoni. Na katika ofisi ya kiwanda hicho, karibu na kalenda, leseni imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo! Nimeiona kwa macho yangu mawili.

Sasa jamani, leseni ile ililipiwa nini hasa?

Hebu tutazame sheria. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka wa 1999. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa mamlaka tunayoijua sote kwa jina la NEMA, ambayo ilianza kazi mwaka wa 2002. Kisha zikaja kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mtu hawezi kumwaga maji machafu katika mazingira bila leseni, na leseni yenyewe huombwa kwa ada na hulipiwa ada ya kila mwaka. Lakini kanuni hazikuishia kwenye pesa. Ziliweka pia viwango. Wapenzi wa kemia watafurahi kusikia kwamba maji yanayomwagwa mtoni yanatakiwa kuwa na pH kati ya 6.5 na 8.5. Chembechembe zinazoelea ndani yake hazifai kuzidi miligramu 30 katika kila lita. Tena kuna kile kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu huitumia wanapokula uchafu kwa siku tano: nacho kisizidi miligramu 30 kwa lita. Kipimo hiki kikipanda sana, vijidudu humaliza hewa yote iliyo majini na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Maji yanayotoka kwenye mashine ya kumenya kahawa, kabla ya kusafishwa, hufikisha maelfu ya miligramu. Maelfu, wala si thelathini!

Tulipolijadili jambo hili katika chama chetu, wanachama waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema kwamba ada ni ada: mwenye kiwanda akishalipa, basi amenunua haki yake kama vile mama mboga anavyolipia kibanda sokoni, na asisumbuliwe. Kundi la pili lilisema ada zote zifutwe, kwa sababu ni mzigo kwa wawekezaji na pesa zenyewe huishia matumboni mwa watu. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo. Maoni yangu ni kwamba ada ni ya haki, lakini itozwe kwa kuupima uchafu wenyewe, na pesa zake zirudi mtoni.

Nianze na wale wanaotaka ifutwe. Si jambo geni katika nchi yetu, maana mwaka wa 2017 Serikali iliwahi kufuta ada za leseni ya tathmini ya athari za mazingira ili kuwapunguzia gharama wenye kujenga. Lakini kufuta ada si kufuta gharama. Lazima afisa apande gari kwenda kiwandani, maji yachotwe kwenye chupa, yapelekwe maabara na yapimwe kwa dawa zinazonunuliwa. Kama mwenye kiwanda hagharamii, atagharamia nani? Nawajibu mimi mwenyewe: atagharamia nyanya yangu. Atalipa kwa miguu yake, kwa kuni za kuchemshia maji, na kwa dawa ya tumbo. Naye hakuwahi kupewa risiti hata siku moja. Ndiyo maana sheria yetu ya 1999 inataja kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Hapa kwetu mla mbuzi anasamehewa, na anayelipa ng'ombe ni jirani aliyesikia harufu ya nyama tu.

Sasa niwageukie wale wanaodhani kulipa ada ni kununua haki. Leseni yetu haipandi wala haishuki bei kwa kila kilo ya uchafu unaoingia mtoni. Mwenye kumwaga karai na mwenye kumwaga bwawa, wakiwa katika fungu moja la ada, hulipa sawa. Isitoshe, viwango nilivyotaja hupima uchafu ulio katika lita moja tu. Chukueni kalamu tufanye hesabu ya Kidato cha Kwanza. Kiwanda kinamwaga lita 10,000 kwa siku, na kila lita ina miligramu 300 za uchafu. Zidisha: utapata kilo 3. Kiwango kimevunjwa mara kumi. Lakini mwenyewe ni mjanja. Anafungulia bomba la maji safi na kuongeza lita 90,000. Sasa anamwaga lita 100,000, na kila lita ina miligramu 30 peke yake. Afisa akipima atatingisha kichwa kwa furaha na kupiga muhuri. Zidisha tena basi: kilo ni 3 vilevile! Mto umepokea uchafu uleule, na juu ya hayo tumepoteza maji safi ambayo yangetosha vijiji. Kama ada ingetozwa kwa kilo, ujanja huo usingemfaa kitu.

Je, kuna nchi iliyojaribu? Naam, ipo. Ujerumani ilitunga sheria ya ada ya maji machafu mwaka wa 1976, na ada ikaanza kutozwa mwaka wa 1981. Wao hupima mzigo wa uchafu kwa vipimo vya madhara. Ada ilianza kwa Mark 12 kwa kila kipimo, ikapandishwa hatua kwa hatua hadi Mark 70 kufikia 1997, na walipobadili pesa ikawa Euro 35.79. Jambo lililonifurahisha zaidi ni hili: anayetimiza masharti ya usafi hupunguziwa ada kwa nusu. Kwa hivyo kila mwenye kiwanda ana sababu ya kusafisha maji hata kama afisa hayupo, kwa kuwa uchafu unapopungua, bili nayo inapungua.

Pengine utasema Ujerumani ni mbali. Basi twende Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kiwanda hicho kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu, na wakaazi wakapatikana na sumu ya risasi katika damu, wakiwemo watoto wadogo. Kilifungwa mwaka wa 2014. Wakaazi walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe fidia ya shs. bilioni 1.3. Sikilizeni vizuri: asilimia 40 ya lawama ilibebeshwa NEMA yenyewe, mlinzi aliyepaswa kuona kabla ya wote. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka wa 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurudisha. Hilo ni funzo kubwa kwa taifa. Leseni ikitolewa bila ukaguzi, karatasi ile haiwi ngao ya mwananchi. Huwa ni pazia la kumfichia mchafuzi. Na bilioni moja na nukta tatu ingelipia safari nyingi sana za afisa mwenye chupa ya kupimia.

Hapa najua kuna atakayeniuliza, "Wewe mtoto wa mkulima, huoni kwamba ada ikipanda, ushirika utamkata mama yako?" Swali hilo ni zuri, tena ndilo lililoninyima usingizi. Ni kweli kwamba kila senti inayotozwa kiwanda cha ushirika hutoka mfukoni mwa mkulima. Lakini chini ya ada ya sasa mama anakatwa na mto unakufa. Anapoteza kotekote! Ada ya kilo ingemwachia njia ya kujiokoa. Kiwanda kinaweza kutumia maji yaleyale zaidi ya mara moja katika kumenya kahawa. Kinaweza kuchimba mashimo ya kutosha mbali na mto ili maji yatulie. Maganda yanaweza kuozeshwa yakawa mbolea, nayo mbolea irudi shambani. Haya si mambo ya kuajiri mhandisi kutoka ng'ambo. Ni kazi ya jembe na mipango. Vyama vidogo vipewe muda wa miaka miwili au mitatu kujirekebisha, kisha ada ianze ikiwa ya chini na ipande polepole. Mkubwa mwenye mtambo na mhasibu asijifiche nyuma ya mdogo.

Tena kuna wale wanaosema pesa zitaliwa. Siwezi kuwabishia kwamba kitu kidogo hakipo Kenya. Lakini dawa ya wizi si kuacha kukusanya, dawa ni mwanga. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Basi naomba jambo moja dogo lisilohitaji mabilioni. Kando ya leseni ile iliyo kwenye fremu, pabandikwe karatasi nyingine kila mwezi, kwa Kiswahili: maji yalipimwa lini, nani aliyapima, yalikuwa na uchafu kiasi gani, na ni ada kiasi gani iliyolipwa. Iwekwe nje, mahali ambapo mkulima anayeleta kahawa na mama anayeteka maji wataisoma wote wawili. Afisa atakayeandika uongo atajua kwamba kijiji kizima kinanusa mto uleule.

Tusidhani jambo hili linaishia kwenye bonde letu. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, Athi ikawa Galana, na Galana ikawa Sabaki, ambayo humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Uchafu wa mtu wa jiji husafiri bila tikiti hadi kwa mvuvi wa pwani. Je, mvuvi huyo alipwe na nani?

Nasi hapa shuleni tusijitoe. Tuna jikoni, tuna mabafu, tuna vyoo vya mamia ya wanafunzi, na hatujui maji yetu machafu hufika wapi. Napendekeza chama chetu kishirikiane na wenzetu wa Chama cha Sayansi. Kila mwezi tupime maji ya mto mahali patatu: juu ya shule, chini ya shule, na chini ya kiwanda. Karatasi za litmasi tunazo, na walimu wa kemia tunao. Matokeo tuyaandike kwa Kiswahili sanifu na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, tukianza na ya shule yetu wenyewe ili asije mtu akatuambia nyani haoni kundule. Msimu wa kahawa utakapoanza mwezi wa Oktoba, tutakuwa na takwimu za kupeleka kwenye mkutano wa ushirika, na mimi niko tayari kuzisoma mbele ya mama yangu na majirani zake.

Nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha, kwa hivyo natua kalamu hapa. Mwenye maoni tofauti aniandikie katika toleo lijalo, tuendelee kujadiliana. Kiswahili kitukuzwe!