WATU WAONGEZEKA, ARDHI HAIONGEZEKI

Katika ramani ya Tanzania, Wilaya ya Mafia ni alama ndogo baharini, mkabala na milango ya Mto Rufiji. Kisiwa chake kikuu kina urefu wa kama kilomita 50 tu, na kando yake vimo visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Kwa idadi ya watu, hakuna wilaya iliyo ndogo kuliko hii katika Mkoa mzima wa Pwani. Kwa ajili ya udogo huo, ni rahisi kuisahau wakati wa kugawa fedha na wafanyakazi. Sisi twaona kuwa kuisahau sasa ni hatari.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu Mafia watu zaidi ya 40,000. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 46,000. Mwaka 2022 walifika zaidi ya 66,000. Basi katika miaka kumi ya kwanza waliongezeka watu kama 6,000, na katika miaka kumi iliyofuata wakaongezeka karibu 20,000. Mipango iliyotosha watu wa mwaka 2012 haiwezi kuwatosha watu wa leo, iwe ni darasa, zahanati, kisima au chombo cha kuvukia kwenda Nyamisati.

Watu kuongezeka ni neema. Lakini wilaya ya bara ikijaa, watu huhamia pori la pili. Mtu wa kisiwani akihama atahamia wapi? Ardhi yake mwisho wake ni maji, na mahali pengine maji hayo yanaidai ardhi yenyewe.

Asiyesadiki na aende Ndagoni. Katika kata hiyo, upande wa magharibi wa kisiwa, ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Kisimani, uliostawi karne nyingi zilizopita chini ya masultani wa Kilwa. Bwana Neville Chittick alichimba magofu yake, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kuliwa na bahari. Kua, mji mwingine wa kale ulioko Juani, uliangamizwa na Wasakalava waliotoka Madagaska katika karne ya 19. Lakini Kisimani ilimegwa kidogo kidogo, na adui wa namna hiyo hafukuzwi kwa silaha.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu wa Ndagoni. Twasema ili ijulikane kuwa pwani inayoliwa ina kinga yake, nayo ni mikoko na matumbawe. Mizizi ya mkoko hushika tope, na mwamba wa matumbawe huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ufukweni. Mkoko ukikatwa ovyo kwa boriti, na tumbawe likivunjwa kwa kuchomea chokaa, tunambomolea jirani kiwanja chake ili tujenge nyumba yetu.

Tunajua jibu litakalotolewa. Mvuvi na mkwezi watauliza: tukikatazwa boriti, tutajengea nini? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa faini peke yake. Anayemkataza maskini mti hana budi kumwonyesha mti mwingine. Halmashauri yafaa isaidie vijiji kupanda miti ya kujengea mashambani, katikati ya minazi iliyozeeka, na kupatikana kwa matofali na saruji kwa bei isiyomshinda mtu wa kawaida. Hapo sheria itakuwa na nguvu, maana itakuwa na haki.

Maji nayo yasidharauliwe. Katika kisiwa, maji matamu ya chini ya ardhi hukaa juu ya maji ya chumvi. Visima vikitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Wajibondo wanaijua thamani ya maji kuliko wengi wetu, maana kwa miaka mingi waliyavusha kwa mashua kutoka kisiwa kikuu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sensa ya Taifa huja mara moja katika miaka kumi, na miaka kumi iliyopita imetuonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka katikati. Kwa hiyo tunashauri kila kijiji katika kata zote za Mafia kiwe na daftari lake: waliozaliwa, waliohamia, visima vilivyopo, na hatua ngapi za ufuko zimeliwa tangu mwaka jana. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji mwalimu, karani na mwenyekiti wa kijiji wenye uaminifu, na wanachama watakaouliza daftari hilo lisomwe mkutanoni.

Na walioko Kibaha na Dodoma, wanaopanga fungu la kila wilaya, tunawaomba waitazame Mafia kwa hesabu ya mwaka 2022, wala si kwa udogo wake katika ramani. Watu 66,000 waliozungukwa na bahari hawawezi kuazima shule wala hospitali ya wilaya jirani wakati kusi imechafuka.