HERI KITI KISHUKE KULIKO TUMBO LA PIKIPIKI

Wahenga walinena kwamba mwiga ndovu hupasuka msamba. Methali hii nimeiandika mara nyingi katika insha, lakini sikuielewa sawasawa mpaka Mjomba aliposhusha pikipiki yake. Leo nimeshika kalamu nitoe maoni yangu juu ya jambo hilo, maana sisi wa shule ya kutwa hupita kwenye karakana za juakali kila jioni, na nasikia wenzangu wakisifu pikipiki zilizoinama nyuma eti ndizo zenye mtindo. Mtindo gani huo?

Mimi naishi kwa Mjomba. Yeye ni mfupi, nami ni mfupi vilevile. Darasani dawati langu ni la mbele kabisa. Ana pikipiki kubwa ya safari aliyoinunua ikiwa imetumika, yenye masanduku mawili ubavuni. Wenzake wa safari walikuwa wakimcheka kila waliposimama kwenye taa za barabarani, kwa sababu aligusa lami kwa ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Kicheko kile kilimchoma. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, hiyo ni kazi ya saa moja tu." Kweli, haikuzidi saa moja. Alitoa vyuma viwili vifupi vinavyounganisha mkono wa gurudumu la nyuma na shokabzoba, akatia vingine virefu zaidi. Nyuma ikashuka milimita 50. Mjomba akakanyaga chini kwa nyayo nzima, akatabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana.

Ndugu msomaji, hapo ndipo hesabu inapoanza. Chukua mfano wa pikipiki ya Royal Enfield Himalayan yenye injini ya 411. Kutoka tumboni mwake hadi ardhini ni milimita 220. Ukiishusha 50 mbele na nyuma, zinabaki 170, yaani zaidi kidogo ya nusu ya rula yetu ya shule. Utasema hizo ni nyingi. La hasha! Pikipiki haitembei kama kabati lililosimama. Ikiingia shimoni, springi hujikunja na tumbo hushuka. Tuseme baada ya mpandaji kukaa na mizigo kupakiwa, springi zimebaki na milimita 130 za kujikunja na tumbo limekwisha shuka 30. Bila kushushwa, wakati springi zimejikunja zote, tumbo lingebakiwa na 60. Kwa ile iliyoshushwa zinabaki 10 tu! Kokoto la kuchezea bano linatosha kuligusa. Vile vyuma virefu haviwapunguzii springi mwendo wao. Vinashusha mahali wanapoanzia tu. Hili fundi hakulisema.

Tena si tumbo peke yake. Wiki ya kwanza tu tuliona vioja vitatu pale nyumbani. Kwanza, stendi ya pembeni iligeuka kuwa ndefu kupita kiasi. Pikipiki badala ya kuegemea ilisimama wima, upepo ukavuma, puu! ikaanguka juu ya ndoo za Mamamkwe. Ikabidi stendi ikatwe na kuchomelewa upya. Pili, kwa kuwa nyuma ilishuka na mbele ikabaki palepale, taa ilielekea juu, na madereva waliokuja mbele yetu usiku walituwashia taa kwa hasira. Usukani nao ukawa mvivu kukata kona. Fundi mwenye ujuzi angalizisogeza foku za mbele juu kidogo kwenye mabano yake ili mbele na nyuma zilingane. Tatu, kwenye kona vikanyagio vya miguu vilianza kukwaruza lami mapema kuliko zamani. Mimi niliyekuwa nimepakiwa nyuma nilisikia sauti ile nikadhani mguu wangu umekwenda.

Mjomba akasema, "Mpwa wangu, utazoea." Mwezi wa Agosti mwaka wa 2024 akafunga safari na wenzake kwenda Loiyangalani kuliona Ziwa Turkana. Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni lami safi, na huko alitesa kweli. Lakini kutoka Marsabit kwenda ziwani lami humwacha mtu, akabaki na mawe meusi ya volkano. Wenzake walipita. Yeye aligonga jiwe moja, jiwe likapasua sampu, na oili yote ikamwagika mchangani. Alirudi Marsabit juu ya lori, ameketi katikati ya mbuzi, pikipiki imefungwa kamba kando yake. Wale waliomcheka kwa ncha za vidole siku hiyo hawakucheka. Mmoja alimwambia, "Heri ungalibaki mfupi, ndugu yangu."

Sasa nifike mahali panaponiuma mimi. Sampu mpya, oili, nauli ya lori na fundi wa kurudisha vile vyuma vya zamani vilikula pesa nyingi. Miongoni mwazo zilikuwamo pesa zangu za chakula cha mchana za muhula wa tatu. Wenzangu wa Kidato cha Pili wakati ule watakumbuka kwamba kengele ya saa saba ilipolia mimi nilikuwa nikikaa maktaba. Nilisema nasoma. Haikuwa kusoma, ilikuwa njaa. Mjomba hajui kwamba naandika haya, lakini akiyasoma asinikasirikie. Namheshimu kama baba. Nasema tu kwamba kicheko cha watu barabarani kisiwe ghali kuliko sahani ya githeri ya mtoto.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema mtu mfupi akishindwa kukanyaga chini anaweza kuanguka na chombo kizito kimvunje mguu. Ni kweli, sikatai. Tena anayetembea mjini kwenye lami tupu, akishusha kidogo, mbele na nyuma sawasawa, na stendi ikakatwa, huenda asidhurike. Lakini mjini nako kuna matuta, na barabara zetu nyingi si lami. Mbona wapo waendesha bodaboda wanaoongeza springi za nyuma ili mzigo usiwashushe? Wao hawakusoma fizikia ya Kidato cha Tatu, ila wanaijua barabara.

Kwa maoni yangu, mwenye miguu mifupi aanzie kwenye kiti. Apunguze sponji, akikate chembamba pale mapaja yanapopita. Avae buti zenye soli nene. Zaidi ya hayo ajifunze kusimama kwa mguu mmoja: atelezeshe makalio upande mmoja, nyayo moja itue yote chini, mguu wa pili ubaki kwenye breki. Mjomba ndivyo anavyofanya siku hizi. Kiti kimepunguzwa, tumbo limerudi juu, na kwenye taa anasimama kwa mguu mmoja bila kumtazama mtu. Hajaanguka hata siku moja.

Na ikibidi kushusha, basi muulize fundi maswali matatu kabla hajashika spana: tumbo litabaki na nafasi gani nikipakia mizigo? Mbele nako kutashuka? Stendi je? Akikujibu "utazoea", chukua pikipiki yako uende zako.

Ndugu zangu wafupi wa dawati la mbele, tusione haya. Nchi hii mawe yake hayamchagui mrefu wala mfupi, yanachagua tumbo lililo karibu. Kengele ya saa saba imelia, na muhula huu jina langu limo kwenye orodha ya chakula. Kwaherini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu