Kuhamisha mkopo wa nyumba: Piga hesabu kabla ya kushangilia riba

AGOSTI 2024, Benki Kuu ya Kenya ilianza kuteremsha kiwango chake cha msingi cha riba. Kiwango hicho kilichokuwa asilimia 13 mapema mwaka huo kilifika asilimia 9.25 Oktoba 2025. Si ajabu, basi, kwamba aliyekopa nyumba riba ikiwa juu anajiuliza iwapo ahamishie deni lake benki nyingine.

Wenye maduka ya leso na vikoi katika Biashara Street, Mombasa, wanalijua jibu kutokana na kazi yao. Mzigo wa bei nafuu si faida hadi usafiri, kodi ya duka na muda wa kukaa rafuni vitolewe.

Tuchukue mfano wa mwenye duka mtaani humo anayedaiwa Sh4 milioni za nyumba kwa riba ya asilimia 15, akiwa amebakiza miaka 15. Kila mwezi hulipa takriban Sh56,000. Benki nyingine ikimtoza asilimia 13 kwa muda uo huo, atalipa kama Sh50,600. Ataokoa Sh5,400 hivi kwa mwezi.

Lakini kuhama kuna gharama: ada ya benki mpya, mthamini, wakili, ushuru wa stempu, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, na pengine faini ya kulipa deni mapema. Tuseme jumla ni Sh160,000. Itamchukua takriban miezi 30 kuzirudisha. Akikusudia kuuza nyumba kabla ya hapo, heri abaki alipo.

Mtego mkubwa zaidi ni muda. Akishawishiwa kuanza upya kwa miaka 20, malipo yatashuka hadi karibu Sh46,900. Kwa mtu ambaye mauzo yake hupanda kabla ya Idd kisha yakalala, nafuu hiyo inavutia. Hata hivyo, jumla atakayolipa itapanda kutoka Sh10.1 milioni hadi Sh11.2 milioni. Riba imepungua, lakini nyumba imekuwa ghali zaidi.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kurudi kwa benki yako. Chini ya utaratibu wa Benki Kuu ulioanza kwa mikopo mipya Desemba 2025, riba inayobadilika kwa kawaida hufuata kiwango kiitwacho Kesonia, kisha benki huongeza chake kulingana na hatari ya mteja. Uliza nyongeza yako ni ngapi. Barua ya masharti kutoka kwa benki pinzani itakusaidia kujadiliana.

Usikimbilie pia kampuni ya Kenya Mortgage Refinance Company kwa sababu ya jina lake. Hiyo hukopesha benki na vyama vya akiba na mikopo, si mwenye nyumba.

Naye Mwislamu anayetaka kuhamia benki ya sharia, ambako mteja humiliki nyumba kwa ubia na benki huku akinunua sehemu yake kidogo kidogo, alinganishe jumla ya malipo vivyo hivyo. Ikiwa juu, ajue anagharimia dhamiri yake, na uamuzi huo ni wake.

Kuhama kunafaa pale tu muda wa deni usiporefushwa, na gharama zikarudi ungali ndani ya nyumba hiyo.