Bunduki zenye kompyuta na mabati ya Kiandutu

Wiki iliyopita nilikuwa Thika, kwa dada yangu anayekaa Kiandutu. Baada ya magharibi mpwa wangu akaniletea simu. "Mjomba, hebu tazama hizi darubini za bunduki. Ipi kali?" Kijana ni mpenzi wa michezo ya vita, na mimi, kusema kweli, nilitaka kujua pia.

Ya kwanza ni ya TrackingPoint, kampuni ya Texas, iliyoingia sokoni 2013 kwa zaidi ya dola 20,000 bunduki moja. Mpigaji huitia alama shabaha, kisha huvuta kifyatulio, na risasi haitoki mpaka kompyuta iridhike kwamba mtutu umeelekea pale palipotiwa alama. Video ya kila pigo hubaki ndani yake. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa usalama wa kompyuta, mtu na mkewe, waliingia humo kupitia Wi-Fi, wakabadilisha hesabu, risasi ikapiga shabaha ya pembeni.

Ya pili ni SMASH, ya kampuni ya Israeli iitwayo Smart Shooter. Hii huifuata shabaha hata ikienda mbio, ndiyo maana husifiwa kwa kuangusha droni, na jeshi la Uingereza liliagiza 225 mwaka 2023. Mtambo mwingine wa kampuni hiyo hiyo uliwekwa 2022 kwenye kizuizi cha Hebron, wanapopita Wapalestina.

Ya tatu ni XM157 ya Vortex, iliyochaguliwa na jeshi la Marekani 2022. Humwonyesha askari umbali na mahali pa kulenga, basi. Kufyatua ni juu yake.

Dada alikuwa akisikiliza huku anakuna nazi. "Na hizo zinajua aliye nyuma ya bati?"

Nyumba nyingi za Kiandutu ni za mabati. Mwisho wa Machi 2020, usiku wa kafyu, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa rosheni kwao Kiamaiko, Nairobi. Tarehe 7 Julai 2025 msichana wa miaka 12 akauawa ndani ya nyumba yao Ndumberi, kaunti hii hii ya Kiambu. Hakuna hata moja ya zile tatu inayoweza kumjibu dada yangu.

Lakini ile video ya TrackingPoint nimeitamani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari akiua au kujeruhi vibaya aripoti, na IPOA ichunguze. Mara ngapi uchunguzi hukwama kwenye swali moja tu: nani alifyatua? Bunduki inayoandika saa na mahali pa kila risasi ingetufaa kuliko inayolenga vizuri.

Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, kama waliingia kwa Wi-Fi, hiyo video haifutiki?"

Hufutika. Ndiyo maana nasema isilale kituoni hata usiku mmoja; ifike IPOA siku ile ile.